Mpime Mhakiki kwa Ubeti Unaomgomea

Ukitaka kujua kama uhakiki umeandikwa na mtu aliyesoma au aliyesimuliwa, usianze na utangulizi. Tangulizi zote hufanana: nadharia imetajwa, wataalamu wawili watatu wamenukuliwa, malengo yameorodheshwa. Nenda moja kwa moja pale mhakiki anaponukuu, kisha tazama sentensi inayofuata. Wengi hunukuu ubeti mzima, wakasema hapa mshairi anaonyesha dhuluma, halafu safari inaendelea. Ubeti umekuwa kama shahidi aliyeitwa mahakamani akaambiwa asimame tu, asifungue kinywa. Mhakiki anayejua kazi yake akishanukuu hatoki upesi. Anauliza ni neno gani limerudi, nani anasema, nani anaambiwa, na kwa nini jambo hili limesemwa hapa badala ya mwanzoni.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni hiki: kila kazi nzuri ina mahali panapogomea tafsiri utakayoiletea. Mhakiki hodari hupatafuta mahali hapo. Dhaifu hupapita kimyakimya.

Chukua Utenzi wa Mwana Kupona, uwanja ambao wahakiki wa ufeministi wamepigania kwa miaka mingi. Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka, yule mtawala wa Siu aliyewakaidi masultani wa Zanzibar, aliutunga mwaka 1858 akiwa mgonjwa, ili amwachie binti yake wasia. Anamwambia radhi azitafute kwa watano: Mungu, Mtume, baba, mama na mume. Kisha mume ndiye anayepewa sehemu ndefu, na mambo yenyewe ni ya nyumbani kabisa: kumkanda, kumpepea, kutopaza sauti akiwa amelala, kumtengeneza ndevu. Alice Werner na William Hichens walipouchapisha mwaka 1934 waliupa jina la Kiingereza linalotaja wajibu wa mke, na tangu hapo wasomaji wengi wameufungua wakiwa wameshaamua watakachokikuta.

Usomaji wa haraka una sura mbili. Wa kwanza unasema mama huyu ni kipaza sauti cha mfumo dume, basi. Wa pili unamgeuza mwanaharakati aliyejificha nyuma ya kejeli. Ili kuupima wa kwanza, tafuta kama mhakiki ameugusa ule ubeti ambamo binti anaambiwa amtunze mumewe kama mtoto asiyejua kusema. Mtu anayetukuzwa kama bwana wa nyumba amegeuka ghafla kuwa kitoto cha kubembelezwa, na anayejua namna ya kumbembeleza ni mwanamke. Ann Biersteker, katika makala yake ya mwaka 1991, alitutaka tuutazame upya utenzi huu kwa jicho la lugha na mamlaka, na baada ya hapo hakuna mhakiki makini anayeweza kuuruka ubeti huo bila kuulizwa.

Ila usisahau kumpima na yule wa pili. Kuna mahali utenzi unasema kwamba siku ya kufufuliwa mume ataulizwa atakalo, na kwamba hatima ya mke imo katika jibu lake. Hapo kejeli inapatikana wapi? Nimesoma tafsiri zenye ari kubwa, zenye istilahi za kisasa kabisa, ambazo ubeti huu haumo hata kwa kutajwa. Kwa maoni yangu, usomaji wenye thamani ni ule unaozishika beti zote mbili bila kuitupa mojawapo, ukaeleza ni mama wa aina gani anayeweza kuyasema yote mawili kwa pumzi moja: mama anayemwamini Mungu wake, anayezijua nguvu zinazomzunguka, na ambaye ndiye mwenye kalamu. Kumbuka kwamba anamwagiza binti alete wino na karatasi, na mwishoni anawaita wanawake wengine nao wausome.

Kuna njia nyepesi ya kuujaribu uhakiki wa ufeministi wowote. Futa kwa penseli maneno “mfumo dume” katika aya, kisha uisome tena. Kama bado kuna jambo limesemwa, nunua kitabu.

Ushairi wa kisasa una mtego wake. Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani yake Kichomi mwaka 1974, mabishano yalikuwa juu ya vina na mizani, na wanamapokeo walikuwa na silaha mkononi: Sheria za Kutunga Mashairi za Kaluta Amri Abedi, zilizotoka mwaka 1954. Hadi leo utakuta mhakiki anatangaza kwamba shairi ni huru, halina vina wala mizani, kana kwamba amegundua kitu. Hayo hata asiyesoma anayaona. La kuuliza ni hili: kama si kina kinachousimamisha mshororo, umesimamishwa na nini? Soma shairi kwa sauti, utii kila mshororo unapokatika, ndipo umfungue mhakiki wako uone kama naye alisikia. Vivyo hivyo kwa neno udhanaishi, ambalo limebandikwa kwa Kezilahabi mpaka limechakaa. Katika shairi lake “Kisu Mkononi” kuna mtu, kuna kisu, kuna miaka inayompita. Mhakiki akikupa jina la falsafa bila kukwambia kisu kile kinamwelekea nani, amekupa lebo bila chupa.

Kwa hadithi fupi nitasema machache, maana kosa kubwa ni moja: kumchanganya msimulizi na mwandishi. “Mke Wangu” ya Muhammed Said Abdulla, iliyomo katika mkusanyiko wa Damu Nyeusi, inasimuliwa na mwanamume wa mjini anayemwoa Aziza, msichana wa shamba, kwa matumaini ya kumfinyanga atakavyo. Mhakiki anayeandika kwamba hadithi inaonyesha ujinga wa Aziza amemwamini mtu asiyefaa kuaminiwa. Aliye makini atahesabu maneno ambayo Aziza anayasema kwa kinywa chake, na atashuku ucheshi wa msimulizi. (Miongozo ya mitihani haina nafasi ya haya. Ina dhamira, wahusika, mandhari, na orodha ya tamathali. Mwanafunzi anatoka anajua takriri ziko ngapi, hajui hata moja inafanya kazi gani.)

Pagumu zaidi ni falsafa ya maadili, kwa kuwa Kiswahili kina mazoea ya kudai funzo. Kila kazi sharti itoe mafunzo, na mhakiki mvivu hukimbilia huko kama anayekimbilia basi linaloondoka. Ahmad Nassir wa Mombasa alitunga Utenzi wa Mtu ni Utu mwaka 1960, na Kai Kresse, katika kitabu chake cha mwaka 2007 kuhusu fikra za Mombasa, alimsoma kama mwanafalsafa mwenye hoja za kufuatwa hatua kwa hatua. Hiyo ndiyo tofauti ya kuitafuta. Kusema utu ni muhimu ni kupoteza wino. Mhakiki akueleze mshairi anadai nini hasa, anatoa sababu gani, na mtu anayepinga angejibiwaje.

Hapo ndipo shairi la Abdilatif Abdalla, “Mnazi: Vuta N’kuvute”, linapokuwa mtihani mzuri. Limo katika Sauti ya Dhiki, diwani iliyotoka mwaka 1973 baada ya mshairi kufungwa kwa kijitabu chake cha Kenya: Twendapi? Alii na Badi ni ndugu wanaogombea mnazi, na kila mmoja ana zamu yake ya kusema. Wengi hulisoma kama fumbo la siasa za baada ya uhuru, na haki wanayo. Lakini fumbo likishafumbuliwa, mara nyingi ndugu mmoja, Badi, huachwa kuwa mwovu tu, asiye na la kusikilizwa, wakati mshairi alimpa beti zake naye ajitetee. Funga kitabu cha uhakiki, kisha ujaribu kumtetea Badi kwa hoja ambazo mhakiki mwenyewe amekupa. Ukishindwa, lirudie shairi peke yake, uone kama uliyemkosa kwa mhakiki hutamkuta humo.