Safari Rally kwa Kipimo cha 1/24: Kimo, Waya na Vumbi

Ukitaka kujua kama aliyeunda gari la mfano la Safari Rally analifahamu gari lenyewe, usianze na rangi wala vibandiko vya wadhamini. Inama mpaka jicho lilingane na meza, kisha tazama nafasi iliyo kati ya tairi na ukingo wa bodi. Magari mengi ya mfano yanayoitwa ya Safari yamelala chini mithili ya yale yanayoshindana kwenye lami. Rangi ni yenyewe, namba mlangoni ni yenyewe, ila gari la kimo hicho lisingevuka hata njia ya kuingia shambani kule Njoro.

Chukua Datsun 240Z, gari lililowapa ushindi Edgar Herrmann na Hans Schüller mwaka 1971, kisha Shekhar Mehta na Lofty Drews mwaka 1973. Kampuni ya Hasegawa ya Japani imetoa seti ya plastiki ya lile la 1971, jekundu lenye boneti nyeusi, kwa kipimo cha 1/24. Hesabu yake ni nyepesi: kila milimita 24 za gari halisi zinakuwa milimita 1 mezani. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma 240Z ina milimita 2,305, kwa hiyo modeli inapaswa kuwa na 96. Upana wa 1,630 unakuwa karibu 68. Weka rula. Vipimo hivyo viwili vikikubali, bodi iamini na uingie kazini.

Kazi ya kwanza ni kimo. Kuinua modeli milimita 2 ni sawa na kuliinua gari karibu sentimita 5, na wengi hukata kipande cha plastiki, wakakichomeka juu ya springi, wakaona yamekwisha. Hayajakwisha. Springi za 240Z ziko huru kwa kila gurudumu, mbele na nyuma. Bodi inapopanda, difu hupanda nayo, na shafti zinazotoka kwenye difu huteremka kuelekea magurudumu. Modeli ikipinduliwa na shafti hizo zikaonekana zimelala sawasawa, mtazamaji anajua papo hapo kwamba gari limeinuliwa kwa kipande cha plastiki tu. Lancer 1600 GSR ya Joginder Singh, iliyoshinda mwaka 1974 na 1976, inataka kinyume chake. Nyuma ina ekseli moja nzima iliyokaa juu ya springi za majani. Bodi ikipanda, ekseli inabaki imenyooka, na kinachobadilika ni mkunjo wa yale majani. Magari mawili ya enzi moja na barabara moja, na yanainuliwa kwa njia mbili tofauti kabisa.

Sioni kuwa huku ni kuchagua mno. Safari imekuwa ikiamuliwa chini ya gari tangu ilipoanza mwaka 1953. Katika miaka ya 1970 madereva walikwenda kilomita zaidi ya 5,000 kwenye barabara ambazo hazikufungwa, pamoja na mabasi, ng'ombe na watu waliokuwa na safari zao. Mashindano ya dunia yaliporejea Kenya mwaka 2021 na kuweka makao yake Naivasha, umbali ulipungua sana na njia zikafungwa, lakini mawe hayakupungua. Mwaka huo Thierry Neuville aliongoza hadi siku ya mwisho, shokabzoba ya nyuma ikavunjika, na Sébastien Ogier akatwaa ushindi. Modeli isiyosema lolote kuhusu springi na shokabzoba imeacha nje habari kubwa ya mbio zenyewe.

Baada ya kimo huja vyuma vya mbele: bamba la kukinga injini, bomba za kukinga taa, vishikio vya taa za ziada, na taa ndogo zilizofungwa juu ya madigadi karibu na kioo. Sehemu hizi ndani ya seti mara nyingi huwa nene, kwa sababu plastiki nyembamba huvunjika ikitolewa kwenye kalibu. Ni afadhali uziache ndani ya boksi uende kwa fundi wa umeme. Waya wa shaba wa 1.5, ule wa taa za nyumbani, ukivuliwa ganda una kipenyo cha milimita 1.38. Zidisha kwa 24 upate bomba la milimita 33. Waya wa 2.5, ule wa soketi, una milimita 1.78, yaani bomba la karibu 43. Hivyo ni vipimo halisi vya bomba za kukinga gari. Shaba inapindika bila kupasuka, inashika risasi ya kuunganishia, na ikipigwa msasa kidogo inakubali rangi. Kwa bamba la chini ya injini, kata ubavu wa kopo la soda. Unene wake ni kama milimita 0.1, kwa hiyo ukikunja mara moja unapata bamba la karibu milimita 5 kwa macho ya 1/24. Liache na michubuko. Bamba la Safari lisilo na mikwaruzo halijawahi kutumika.

Kwa kazi hii ya waya aliyekulia Nakuru ana faida ambayo haiuzwi na kiwanda chochote. Vizazi vya watoto wa Bonde la Ufa vimeunda magari ya waya: fremu ya waya uliookotwa, magurudumu ya ndara zilizokatwa au vifuniko vya soda, na fimbo ndefu yenye usukani wa duara inayofika kifuani mwa dereva anayekimbia nyuma ya gari lake. Wanaoyaita michezo tu hawajayachungulia. Katika gari la kawaida la waya, ekseli yote ya mbele huzunguka juu ya kiungo kimoja cha katikati, na huo ni ule ule mfumo wa trela inayovutwa kwa mkono wa chuma, yenye magurudumu ya mbele yanayogeuka pamoja na ekseli yake. Gari la kijana mkubwa linakwenda mbali zaidi: kila gurudumu lina kiungo chake, na fimbo ya kulala inayaunganisha mawili hayo. Aliyelitengeneza amekwisha kugundua kwamba kwenye kona gurudumu la ndani linahitaji kukata zaidi kuliko la nje, la sivyo moja litaburuzwa. Hata baadhi ya seti za plastiki za bei ya juu hazifiki hapo. Magurudumu yake ya mbele yamegandishwa kwa gundi yakitazama mbele.

Na pima kifuniko cha soda. Kipenyo chake ni kama milimita 28. Tairi la mbio za vumbi la 205/65 lenye rimu ya inchi 15 lina milimita 648, ambazo kwa 1/24 ni 27. Mtoto aliyefunga vifuniko vinne kwenye fremu ya waya amekaribia mno kipimo kinachotumiwa na viwanda vya Japani.

Kuhusu rangi nitasema machache. Koti la unene wa milimita 0.1 kwenye modeli ni tabaka la milimita 2.4 kwenye gari halisi, na mwanya wa mlango wa milimita 5 unabaki na milimita 0.2 tu, kwa hiyo makoti mawili mazito yanauziba mlango. Rangi za gereji zinafaa, lakini thina yake hula plastiki hii. Puliza ukungu mwepesi, subiri ukauke, rudia. Ongeza tone la nyeupe kwenye nyekundu, kwa kuwa rangi iliyo sahihi kwenye gari kubwa huonekana imekolea mno kwenye gari dogo.

Sasa vumbi, na hapa ndipo ninapowaomba waundaji wa Nakuru watulie, maana hakuna mahali duniani penye malighafi bora kuliko hapa. Kosa la kawaida ni kuchota udongo wa barabarani na kuupaka. Chembe ya mchanga ya nusu milimita, ikikaa juu ya modeli ya 1/24, inasomeka kama kokoto ya milimita 12. Gari halionekani lenye vumbi, linaonekana limemwagiwa kokoto. Hata chembe ya mikroni 50, ambayo kidole hakiisikii, inakuwa mchanga mkubwa wa zaidi ya milimita 1. Vumbi la modeli linapaswa kuwa la mikroni 10 au chini yake.

Vumbi hilo lipo Kariandusi, kati ya Gilgil na Elementaita, karibu na pale Louis Leakey alipochimbua mashoka ya mawe mwishoni mwa miaka ya 1920. Mwamba mweupe unaochimbwa hapo, daiatomaiti, ni maganda ya silika ya viumbe wadogo wa majini walioishi katika ziwa la kale. Ukisagwa unakuwa laini kama unga wa ngano na mwepesi kupita kiasi. Kwa macho, huu ndio ule ufifi mweupe unaofunika kila kitu pembezoni mwa Elementaita, ambako magari ya mashindano ya dunia hupita siku hizi katika hatua za Soysambu na Sleeping Warrior. Vaa barakoa unapoutumia, kwa kuwa vumbi la silika ni adui wa mapafu.

Unga huu una hila moja. Ukiuchanganya na vanishi ili ushike, weupe unapotea, unabaki na ukungu tu usio na rangi. Sababu ni kwamba silika na vanishi hupitisha mwanga kwa namna inayokaribiana, hivyo chembe zinapozama ndani ya vanishi jicho halizioni tena. Ndiyo maana viwanda vya rangi hutia daiatomaiti kuondoa mng'ao bila kubadilisha rangi. Mwundaji aitumie hila hiyo kwa faida yake. Kwanza, tia kiasi kidogo ndani ya vanishi na upake gari zima: mng'ao wa kiwandani unatoweka, na uso unapata mikwaruzo midogo ya kushikilia vumbi. Pili, kwa vumbi lenyewe, changanya unga mkavu na chembechembe za ile rangi ya unga inayotiwa kwenye sakafu za saruji. Nyeusi kidogo inakupa kijivu cha majivu ya volkano ya Kedong. Nyekundu na njano zinakupa udongo wa kuteremkia Baringo. Paka kwa brashi kavu, kisha gusa kwa spiriti, ambayo haidhuru plastiki na hukauka ikiacha unga mahali pake.

Mahali pa kulipaka ni muhimu kuliko rangi yake. Gari linalokimbia huacha nyuma yake hewa inayojizungusha, na hewa hiyo hulivuta vumbi na kulibandika kwenye kioo cha nyuma na mkia. Mkia uwe mzito, ubavu upungue kuelekea mbele, boneti ipate kidogo. Kioo cha mbele kiwe na pinde mbili safi za waipa, na taa zipanguswe, kwa kuwa mafundi huzipangusa kila gari linaposimama. Vumbi lililotandazwa sawasawa pande zote ni la gari lililoegeshwa ghalani.

Asiye na seti ya Japani aanze na lori, na hilo linampita kila dakika kwenye barabara kuu ya Nairobi kwenda Eldoret. Tairi la 11R22.5 lina kipenyo cha karibu mita 1.05, hivyo linahitaji milimita 44. Cha kuchunguza kwenye lori ni uzito: lililobeba viazi kutoka Molo springi zake za nyuma zimenyooka, nafasi kati ya tairi na bodi imebana, na turubai limekazwa kwa kamba zinazozama kwenye kingo za magunia. Tupu, springi hujikunja tena na mkia ukainuka. Amua kwanza lori lako limebeba nini, kisha ndipo ukate springi. Nyingi ya bodi hizi za mbao na vyuma zimeundwa na mafundi wa hapa nchini, hazimo katika seti yoyote, na fundi aliyezijenga bado anaweza kukuonyesha alivyopanga mbao.

Magari ya zamani ya Safari hayana bahati hiyo. Mengi yaliuzwa, yaligongwa au yalitolewa nje ya nchi, na seti za viwandani huchorwa kutokana na picha chache zilezile za ubavu na mbele. Picha zinazokosekana ni za nyuma, za ndani na za chini, na zipo katika albamu za familia za Nakuru, Gilgil, Molo na Eldama Ravine, zilizopigwa na watu waliosimama kando ya barabara wakati wa Pasaka. Kama nyumbani kwenu kuna picha ya namna hiyo, andika mwaka na mahali nyuma yake, ipige picha upya kwa simu, na umwonyeshe mtu anayeunda.