Nafuu Kidogo, Tulivu Zaidi

Mwenye njaa ukimuuliza anataka kula nini, mara nyingi hana jibu. Mtajie mahali, hapo ndipo utakapomsikia: pale ghali, pale pana kelele, kule chakula ni kilekile mwaka mzima. Wengi wetu hutambua tunachokitaka kwa kukataa kwanza. Mbunifu wa programu ya simu ya kuchagua mgahawa na mlo akilishika hilo tangu mwanzo, kazi yake yote hubadilika sura. Ataacha kutunga maswali na kuanza kutengeneza njia nzuri za kukataa.

Miongoni mwa waliolishika mapema ni Robin Burke, Kristian Hammond na Benjamin Young, watafiti wa University of Chicago. Mwaka 1996 Chicago iliandaa mkutano mkuu wa chama cha Democratic, na wageni wakamiminika kutoka kila jimbo la Marekani, wengi wao wakiwa hawaijui mitaa ya mji ule. Watafiti hao wakatengeneza mwongozo wa migahawa kwenye intaneti, wakauita Entree. Ulikuwa wa kompyuta, kwa kuwa duka la programu za simu la Apple lilikuja miaka 12 baadaye. Hata hivyo, kila nikifungua programu mpya ya chakula, natafuta kwanza kama aliyeisanifu anafikiri kama walivyofikiri wale watatu.

Entree ilikuruhusu kuanza na mahali unapopajua. Ulitaja mgahawa unaoupenda huko kwenu, iwe Boston, New Orleans au Los Angeles, nayo ikakutafutia wa Chicago unaofanana nao. Kisha kazi tamu ikaanza. Chini ya mgahawa uliopendekezwa palikuwa na vitufe vichache: wa bei nafuu zaidi, wa hadhi zaidi, wa mapishi ya kimapokeo zaidi, wa ubunifu zaidi, mchangamfu zaidi, mtulivu zaidi, au badilisha aina ya mapishi. Unabonyeza kimoja, unapata mwingine. Unabonyeza tena. Hakuna fomu ya kujaza, wala hakuna anayekuuliza umri.

Ukitazama kwa haraka utasema ni vitufe saba tu. Lakini fikiria kinachotakiwa kitokee mtu akibonyeza “nafuu zaidi”. Bei ishuke, na mengine yote yabaki karibu na yalivyokuwa, kama fundi cherehani anayepunguza kiuno cha gauni bila kugusa mabega. Ili hilo liwezekane, lazima mtu awe ameketi kabla na kuupambanua mgahawa: mapishi yake, bei yake, ubora wake, hali ya mahali penyewe. Tena lazima awe ameamua kipi kinatangulia pale vinapogongana. Entree ilitanguliza mapishi, ikafuatia bei, kisha ubora, na hali ya mahali ikawa ya mwisho. Lazima pia mashine iambiwe kwamba mapishi ya Kithai yana undugu zaidi na ya Kichina kuliko na ya Kijerumani, kwa sababu yenyewe haijawahi kuonja kitu. Maarifa hayo yote mtumiaji hayaoni. Anachokiona ni kwamba alibonyeza mara mbili na sasa yuko karibu na anachokitaka.

Ipo njia nyingine, na ndiyo iliyotawala baadaye: kuacha watu wenyewe waifundishe mashine. Wazo hilo lilipata jina lake katika maabara ya Xerox huko Palo Alto mwaka 1992. Kama mimi na wewe tumependa migahawa kumi ileile, basi wa kumi na moja unaoupenda wewe huenda nami nitaupenda. Ni wazo zuri sana, ila lina udhaifu mmoja unaojulikana na kila aliye kwenye kazi hii. Mgeni aliyejiunga leo hana historia, na mgahawa uliofunguliwa jana haujatajwa na mtu. Burke aliliendea tatizo hilo kwa unyenyekevu ninaoupenda. Katika toleo alilolieleza mwaka 2002, maarifa ya mapishi na bei yaliendelea kupanga migahawa kwenye mafungu, na maoni ya watu yaliitwa tu pale migahawa miwili ilipofungana.

Na maoni hayo aliyapata bila kumsumbua mtu kwa nyota. Alisoma nyayo. Mgahawa ulioanzia ulihesabiwa kuwa umeupenda, na ule uliokomea pia, kwa kuwa baada yake hukutafuta tena. Kila uliposhinikiza kitufe cha kuomba kitu tofauti, mgahawa uliokuwa mbele yako ulihesabiwa kuwa umekataliwa. Zaidi ya vikao 50,000 vya namna hiyo vilihifadhiwa kati ya 1996 na 1999, na watafiti wamevitumia kwa miaka mingi.

Kuna jambo dogo katika kumbukumbu hizo ambalo nalipenda kuliko yote. Wabunifu walikuwa wametenga nafasi ya kitufe kingine, “karibu zaidi”, lakini hakikutumika katika toleo lililofika kwa watu. Sasa simu inajua iliposimama, na kitufe hicho kimekuwa cha kwanza kufikiriwa. Si rahisi kama kinavyoonekana. Simama Kivukoni, Dar es Salaam, uchore duara la kilomita moja kutoka ulipo. Ramani itakuletea vibanda vya samaki vya Kigamboni kana kwamba viko ng'ambo ya barabara, ilhali katikati pana bahari, na kuvuka ni kusubiri pantoni au kuzunguka hadi daraja la Kurasini. Mbunifu makini hapimi umbali. Anapima mwendo, kwa miguu au kwa bodaboda, kwa saa ile, akijua foleni ya jioni.

Vilevile saa za kufunga. Mgahawa wa hotelini una saa iliyoandikwa mlangoni, lakini mama lishe hufunga sufuria ikiisha. Wali maharage ukimalizika saa nane, ndiyo biashara ya siku hiyo imekwisha. Programu inayomtuma mtu kwenye sufuria tupu imempotezea muda na nauli, na hatairudia. Mimi naona mbunifu wa huku angemsanifia kwanza mama lishe, kabla hata ya mlaji: kitufe kimoja kikubwa kilichoandikwa “Imeisha”, kinachofanya kazi kwenye simu ya bei ndogo na kwa bando dogo, kwa mkono mmoja wenye unga. Mwongozo wa Android unashauri sehemu ya kugusa isipungue kama milimita 9 kila upande. Kwa kazi hiyo ningeomba mara mbili yake.

Nyota nazo zina hesabu yake. Kibanda chenye nyota tano za watu wawili hakistahili kukaa juu ya chenye nyota nne na nusu za watu mia tatu, lakini ukipanga kwa wastani mtupu ndivyo itakavyokuwa. Mwaka 1927 mwanatakwimu Edwin Wilson alitoa fomula ya kukadiria uwiano pale ushahidi unapokuwa mchache, na wasanifu wengi huitumia hadi leo kupanga walichopenda watu: kibanda kinapewa kiwango cha chini kabisa ambacho ushahidi wake unaweza kukitetea. Kura za kupenda zikiongezeka, kiwango hupanda kwa haki. Mlaji haioni fomula hiyo. Anaona tu kwamba orodha haimdanganyi.

Lakini mahali ninapomtambua mbunifu bora ni pale anapotenganisha pendeleo na sharti. Kupenda pilipili ni pendeleo, linaweza kupimwa na kupunguzwa likishindana na bei. Mzio wa karanga ni sharti, na halali ni sharti kwa anayeishika. Haviingizwi kwenye mzani mmoja na nyota, hata mgahawa uwe mzuri kiasi gani. Masharti yakikaza mpaka orodha ikabaki tupu, mbunifu mzuri hajazi nafasi kwa vitu visivyofaa. Anaandika kwamba hapa hakuna, na kwamba ukikubali kutembea dakika 10 zaidi ipo migahawa mitatu. Sentensi hiyo moja hugharimu kazi nyingi nyuma yake, kwa sababu lazima programu ijaribu kulegeza kila kigezo kwa zamu ili ijue kipi kikilegea kitaleta chakula, na kipi hakiruhusiwi kuguswa.

Kisha kuna kula pamoja, na ndivyo tunavyokula mara nyingi. Watafiti wa University of Minnesota walikutana na swali la kulichagulia kundi zima kwenye filamu, walipotengeneza PolyLens na kuieleza mwaka 2001. Alama ya kundi waliifanya kuwa alama ya yule ambaye angeridhika kidogo kuliko wenzake. Katika kundi la wanane, wastani ungeweza kuwafurahisha saba na kumwacha wa nane akitazama ukuta. Kwenye chakula kanuni hiyo inafaa zaidi, kwa kuwa wa nane huyo anaweza kuwa shangazi mwenye kisukari, naye hajawaambia watu wote mezani. Kwa hiyo skrini inapaswa kuonyesha sehemu zinazowafaa wote wanane na kuishia hapo, bila kutaja nani kazipunguza wala kwa sababu gani.