Thamostati kwenye kopo la mama ntilie

IST yangu ya injini ya 1NZ ilianza kuchemsha kwenye foleni ya Barabara ya Kilwa. Fundi wa kwanza alitumia nusu saa tu: aling'oa thamostati, akaitupa, feni akaiunga moja kwa moja. Bei nilimbana mpaka akachoka, nikajiona mjanja.

Gari likatulia, ila petroli ikawa haikai. Thamostati ya injini hii hufunguka maji yakifika nyuzi 82 hivi. Isipokuwepo, maji yanazunguka kwenye rejeta tangu unapowasha, injini inachelewa kupata joto lake, na kompyuta ya gari inazidi kumwaga petroli ikidhani ndiyo kwanza asubuhi. Ugonjwa wenyewe hakuna aliyeugusa.

Wa pili ana gereji bubu Tandika, chini ya mwembe. Hakukimbilia spana. Linachemsha kwenye foleni au likikimbia? Unaongeza maji gani? Ya kisima cha nyumbani, nikasema. Akacheka, chumvi ya visima vyetu vya Temeke anaijua. Injini ilipopoa alifungua mfuniko wa rejeta, akatumbukiza kidole, kikatoka na tope la kutu.

Rejeta ikasafishwa, thamostati tukaifuata Gerezani. Kabla ya kuifunga akaomba maji ya moto kwa mama ntilie wa jirani, ambaye sufuria alitunyima, akatupa kopo. Fundi akaining'iniza kwa waya. Maji yakatokota, kitu kimefumba vilevile. Mpya, kwenye boksi lake! Tukairudisha dukani. Ya pili ilianza kuachia maji hata hayajatokota.

Tunalalamika mafundi wanaweka cha juu kwenye spea. Mimi naona cha juu tunakipanda wenyewe: mtu anataja ufundi elfu thelathini, tunambana hadi kumi, halafu tunamtuma dukani na hela mkononi. Afidie wapi? Na huyu wangu tulielewana siku ileile: spea nanunua mimi yeye akiwepo, kifaa kibovu ananirudishia, ufundi sipunguzi. Na kolanti, si maji ya kisima.

Mwezi uliopita nilimpelekea breki zinazolia. Akafungua tairi, akapuliza vumbi, akasema pedi bado nzima, nenda. Nikamwachia hela ya soda. Mama ntilie naye akadai ya kopo lake.