Sanaa ya Kufuta

Sabuni ya mawese haielewani na Ziwa Tanganyika. Ukifulia ufukweni Kalundu, povu linachelewa kutoka, na juu ya maji unajitokeza utando mweupe unaonata kwenye kola za mashati. Anayefua anaongeza sabuni, kisha anaongeza tena. Mwanafunzi wa kemia anaweza kukiandika kisa hicho chote kwa mstari mmoja, na kwangu mimi mstari wa namna hiyo ni miongoni mwa maandishi mazuri kabisa yanayofundishwa shuleni.

Anaanza na mlinganyo mrefu, usiomwacha mtu nje:

2C₁₅H₃₁COONa + Mg(HCO₃)₂ → (C₁₅H₃₁COO)₂Mg + 2NaHCO₃

Kisha kila kilichoyeyuka anakivunja kuwa ayoni. Sodiamu, iliyotoka kwenye soda kali ya mpika sabuni, iko kushoto na iko kulia vilevile, haikushika kazi yoyote. Inafutwa. Bikaboneti nayo inafutwa. Kinachobaki ni hiki:

Mg²⁺ + 2C₁₅H₃₁COO⁻ → (C₁₅H₃₁COO)₂Mg

Huko ndiko sabuni ilikopotelea. Mawese hayana kosa, wala mkono wa mfuaji. Mwenye kesi ni magnesiamu, ambayo katika ziwa hili inaizidi kalsiamu kwa mbali. Na chumvi nyingi za ziwa huletwa na mto Ruzizi kutoka Kivu, kwenye nchi ya volkano.

Kwamba chumvi hugawanyika zikiingia majini, Svante Arrhenius aliliandikia tasnifu huko Uppsala mwaka 1884, na watahini wakampa alama za chini. Mwaka 1903 Arrhenius alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia.

Kufuta kwenyewe ni rahisi. Ugumu uko kwenye kuvunja. Wanafunzi wakishaonja utamu wa kuvunja huvunja kila kitu. Chukua birika lililochemshiwa maji ya ziwa hadi likashika ukoko mweupe, ulikamulie ndimu. Ukoko unachemka vipovu na kulegea. Kwenye karatasi, CaCO₃ ya ukoko haivunjwi, kwa sababu ni kitu kigumu, hakijayeyuka. Asidi ya ndimu pia huandikwa nzima: ni dhaifu, na molekuli zake nyingi hazijaachana na hidrojeni zao. Gesi inayotoka haiguswi, maji hayaguswi. Anayevunja vitu hivyo ameandika habari za birika ambalo halipo. Ukimaliza, hesabu chaji za pande zote mbili. Zisipolingana, kuna ayoni uliyoifuta bila haki.

Aliyefutwa leo, kesho anaweza kuitwa. Kloridi hukaa pembeni karibu kila mara, mpaka mtu adondoshee nitrati ya fedha: Ag⁺ + Cl⁻ → AgCl, na maji yanageuka meupe papo hapo.

Mlinganyo ninaoupenda kuliko yote unahusu tope. Mto Mulongwe ukijaa, hata usipofika ghadhabu ya mafuriko ya Aprili 2020, maji yake hushuka kutoka mlimani yakiwa mazito. Dawa ya kawaida ya kutuliza maji ya namna hiyo ni salfeti ya alumini, ndugu yake shabu. Mlinganyo mrefu wa dawa hiyo na bikaboneti ya kalsiamu iliyomo majini unazaa CaSO₄, na majedwali husema chumvi hiyo huyeyuka kwa shida. Iandikwe kama mashapo? Hapana: kwa kiasi kidogo kinachotumika kwenye mtambo wa kusafisha maji inayeyuka yote, kwa hiyo kalsiamu na salfeti zote mbili zinafutwa. Hapo jedwali halitoshi. Inabidi uulize maji ni kiasi gani.

Al³⁺ + 3HCO₃⁻ → Al(OH)₃ + 3CO₂

Al(OH)₃ ndiyo mabonge laini yanayokumbatia udongo na kuzama nao. Na ule mstari mfupi unamwambia mtu wa mtambo jambo ambalo mrefu ulikuwa umelifunika: kila ayoni moja ya alumini inakula bikaboneti tatu. Maji yakiwa na bikaboneti chache, dawa ikizidishwa inayafanya machachu tu na tope linabaki likielea. Basi kabla ya kuongeza kijiko kingine cha dawa, atie chokaa.