Gari Lenye Baridi

Gari lililofeli kipimo cha moshi lina kiburi chake. Ukipiga ufunguo linawaka, linapanda mlima wa Makerere bila kulalamika, breki zinashika, redio inaimba. Mwenyewe akiambiwa ni bovu hushangaa, na wengine hukasirika, maana ubovu huo hawauoni popote. Wanaoupata ni watu wengine: muuza chapati za rolex aliyeinamia jiko lake Wandegeya, abiria wa boda boda aliyekwama kwenye foleni nyuma ya bomba, watoto wanaokwenda shule kwa miguu huko Bwaise bondeni, ambako hewa ya alfajiri hutuama. Ndiyo maana namsifu fundi anayejua kulitengeneza gari la namna hii. Mafundi wengine hulipwa kwa kumwondolea mteja adha yake. Huyu analipwa na mtu asiye na adha yoyote, kwa faida ya watu ambao yeye na mteja wake hawatawajua.

Kazi ipo tele Kampala. Sheria ya usalama barabarani iliporekebishwa mwaka 2018 ilizuia kuingiza nchini gari lililopita miaka 15 tangu litengenezwe, lakini yale yaliyokwisha kuingia hayakwenda popote. Corolla ya miaka ya tisini, ile AE100 ambayo watu huiita Kikumi, ingali inabeba abiria na vitunguu, tena kwa heshima. Ukaguzi wa lazima ulianza 2016 kwa mkataba wa serikali na kampuni ya SGS, kwenye vituo kama Kawanda na Namulanda. Mwaka uliofuata, baada ya mabishano mengi, Bunge likausimamisha. Hewa yenyewe haikusubiri wabunge. Mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere, ulioanza 2015, umetundika vipimo mjini na hata kuvipandisha kwenye boda boda, na namba zake zinaonyesha chembe laini mara kadhaa zaidi ya mikrogramu 5 kwa mita moja ya ujazo, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani lilikipendekeza mwaka 2021. Magari hayako peke yake katika lawama hii; kuna mkaa wa jikoni, takataka zinazochomwa, vumbi la barabara za udongo. Lakini gari, tofauti na vumbi, lina fundi.

Fundi ninayemsema ana uwanja Katwe: udongo ulioshiba oili, mwembe mmoja, kontena la kufungia vifaa. Aliletewa Kikumi na karatasi ya kipimo iliyoonyesha kaboni monoksaidi imepanda kupita kiasi. Maana yake petroli ilikuwa nyingi kuliko hewa. Kilo moja ya petroli hudai kama kilo 14.7 za hewa ili iungue yote. Ikipunjwa hewa, inaungua nusunusu, na ile nusu ndiyo sumu. Hapo sasa ndipo mafundi wanapotengana. Sababu za petroli kuzidi zinaweza kuwa kumi: kichujio cha hewa kilichoziba, injekta inayovuja, presha ya pampu, sensa ya oksijeni iliyochoka. Fundi wa pupa humtuma mteja Soko la Kisekka na orodha ndefu, wanabadilisha kimoja kimoja mpaka pesa au ugonjwa uishe, chochote kitakachotangulia. Mwenye gari hili alikuwa amekwisha kufika Kisekka. Plagi zake zilikuwa mpya.

Fundi alizifungua hizo plagi mpya akazipanga juu ya kitambaa kwa mpangilio wa silinda. Zote nne zilikuwa na masizi meusi, makavu, ya kiasi kimoja. Kama ingekuwa moja tu ningefikiria injekta, alisema. Nne zikifanana, anayezilisha ndiye mwenye kosa. Kisha akauliza swali ambalo mimi nililiona la kupitisha muda.

"Mzee, ukishika Northern Bypass, mshale wa joto unakaa wapi?"

"Unashuka chini kabisa," mzee akajibu, tena kwa majivuno. "Injini yangu haijui kuchemka, fundi."

Gari likalazwa pale. Asubuhi, injini ikiwa imepoa, fundi aliiwasha akashika mpira wa juu wa rejeta kwa kiganja, akatulia. Mpira ule unatakiwa ubaki baridi kwa muda, halafu upate moto kwa ghafla, pale themostati, kilango cha maji ya injini, inapofunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Huu ulianza kupata uvuguvugu tangu mwanzo, polepole. Akaachia. "Gari lina baridi," akasema. Themostati ilikuwa imeng'olewa zamani na mtu asiyejulikana.

Kung'oa themostati ni ugonjwa wa gereji zetu zote, Kampala hata Dar es Salaam. Utaambiwa ni kifaa cha nchi za theluji. Lakini nisiwaonee waliokitoa. Rejeta zilijazwa maji ya bomba badala ya kulenti, zikaota kutu na kuziba, gari likachemka katikati ya mlima, na aliyeng'oa themostati akaonekana mganga. Hata ile kauri iliyo ndani ya bomba la moshi, yenye vitundu kama sega la nyuki, iliyopakwa platinamu ili imalize kuunguza sumu, ilipasuliwa kwa nondo kwa sababu iliyokuwa na mantiki siku zile: petroli yenye risasi iliiua, na risasi hiyo haikukoma rasmi kusini mwa Sahara mpaka mwanzoni mwa 2006. Kizazi kizima cha mafundi kilijenga jina kwa kutoa vitu. Ufundi ninaousifu ni wa kujua kilichotolewa na kukirudisha.

Mafundi wa kabureta waliujua ugonjwa huu wa petroli kuzidi kwa namna yao. Gari lililotegwa vizuri Mombasa, usawa wa bahari, likifika Kampala, mita 1,200 hivi juu, linakuta hewa nyepesi na kuanza kunywa petroli kupita haja. Fundi alilegeza na kukaza skrubu huku akisikiliza, mpaka mlio ukatulia. Siku hizi kompyuta ya gari inapiga hesabu hiyo yenyewe. Ila kompyuta huamini inachoambiwa. Ikiambiwa injini ina baridi, inaiongezea petroli, leo, kesho, mwaka mzima, na haitamuuliza mtu kwa nini baridi haiishi.

Themostati ilikuwa rahisi kuliko zile plagi. Alisafisha rejeta kwanza, vinginevyo gari lingerudi likichemka na yeye ndiye angelaumiwa. Akaunganisha mita kwenye waya wa sensa ya oksijeni: namba, iliyokuwa imeng'ang'ania karibu na volti 0.9, ikaanza kurukaruka, chini, juu, chini, inavyopaswa. Akamwambia mzee aende Entebbe na kurudi ili ile kauri, ambayo kwake ilikuwa bado nzima, ipate moto, kwa kuwa chini ya nyuzi 250 hivi haifanyi kazi, ndipo arudi kupima. Likapita. Mzee alilipa huku akinung'unika kwamba bei ya ufundi imeizidi bei ya spea. Nadhani ndivyo inavyopaswa kuwa.

Siku hiyohiyo aliingia kijana na Premio iliyotoa moshi wa bluu. Hiyo ni oili inayoungua, ringi zimekwisha, na hakuna kugusa mpira kutakakosaidia.

"Fundi, tia oili nzito, ipite tu."

"Itapita leo, bosi. Wiki ijayo utakuwa unafukiza watu Kibuye."

Akamtajia gharama ya kufungua injini, akaongeza kwamba yeye mwenyewe asingeitia pesa hiyo kwenye gari lile. Kijana alishukuru, akawasha, akaenda kutafuta fundi wa kumtilia oili nzito. Katwe hawakosekani.