Potifolio ya programu: video ya dakika 1 inapima nini?

Kama una mdogo wako anayejifunza programu, au wewe mwenyewe unajenga potifolio ya kuombea chuo, vumilia nikuchokoze kidogo. Leo nakosoa kozi ya Marekani inayoitwa AP Computer Science Principles, inayosimamiwa na College Board. Nimeichagua kwa sababu miongozo yake iko wazi mtandaoni, na kwa sababu imejaribu jambo gumu: kumpima mwanafunzi wa sekondari kwa programu aliyoibuni mwenyewe, siyo kwa kukariri tu.

Kozi ilianza mwaka wa masomo 2016/17. Siku hizi maswali ya kuchagua jibu yana asilimia 70 ya alama, na mradi unaoitwa Create una asilimia 30. Mwanafunzi anapewa angalau saa 9 za darasani, anaandika programu kwa lugha anayotaka, iwe Python, JavaScript au hata Scratch, kisha anapakia kodi (ya kompyuta, siyo ya TRA) na video isiyozidi dakika 1 kwenye mfumo ambao jina lake lenyewe ni Digital Portfolio. Akifaulu vizuri, vyuo vingi vya huko vinamhesabia somo hilo.

Wazo ni zuri, nalisifu bila kinyongo. Shida ipo kwenye masharti. Programu lazima iwe na orodha ya data, na iwe na prosija yenye parameta ambayo ndani yake kuna sharti la kuchagua njia na mzunguko wa kurudia. Ni vitu vya msingi kabisa, sikatai. Lakini mchukue mtoto anayetaka kutengeneza kitu kidogo cha kubadilisha nyuzi za Selsiasi kuwa Farenhaiti. Hesabu yenyewe ni mstari mmoja: zidisha kwa 9, gawa kwa 5, jumlisha 32. Haihitaji orodha wala mzunguko. Sasa afanye nini? Anachomeka orodha ya miji, anaizungushia mzunguko, anapata alama zake. Yaani programu inanenepeshwa ili ifanane na mwongozo wa kusahihisha. Mtu akileta kodi ya namna hiyo kazini ataambiwa aifute, hapa inalipwa. Kujua kipi hukihitaji ni ujuzi mkubwa kwa anayeandika programu, na mwongozo huu hauna sehemu ya kuuona.

Na ile video? Hairuhusiwi kuwa na sauti ya mwanafunzi akieleza. Inaonyesha programu ikipokea kitu na kutoa jibu, basi. Programu ya kudesa nayo inafanya hivyo hivyo.

Kwa hiyo naona mabadiliko ya mwaka 2024 ndiyo jambo bora zaidi ambalo kozi hii imefanya. Zamani mwanafunzi aliandika maelezo yake mapema na kuyapakia pamoja na kodi. Sasa anayaandika ndani ya chumba cha mtihani, kwa saa 1, akiwa na picha za prosija yake na orodha yake tu, bila maoni yoyote ndani ya kodi ya kumkumbusha.

Tofauti yake ni kubwa. Tuseme prosija yako inatafuta wastani wa alama zilizo kwenye orodha. Swali (hili ni la kwangu): ukiipa orodha tupu, itakuwaje? Jumla ni 0, idadi ni 0, unagawa 0 kwa 0. Python itasimama na kulalamika. JavaScript haitalalamika, itakurudishia NaN, kimya kimya, na hiyo NaN itaendelea kuharibu kila hesabu inayofuata. Aliyeiandika mwenyewe anaweza kuifuata mstari kwa mstari mpaka aone inapokwama. Aliyedesa, au aliyeandikiwa na akili mnemba bila kuisoma, atakodoa macho.

Pingamizi moja nalikubali. Saa 1 ya kuandika kwa Kiingereza inampima mtoto Kiingereza chake pia. Sisi tuliotoka shule za msingi za Kiswahili tukaingia Kidato cha Kwanza tunalijua hilo vizuri. Unaielewa hoja kabisa, sentensi inagoma. Ningependa mtu aruhusiwe kueleza kwa mdomo, au kwa lugha anayoimudu.

Turudi kwako. Huenda unaomba chuo kinachopokea potifolio. MIT, kwa mfano, ina Maker Portfolio ya hiari. Ukiangalia kurasa nyingi za GitHub za wanaoanza utakuta kikokotoo, orodha ya kazi za siku na programu ya hali ya hewa, zote zimepakiwa mara moja kama mzigo wa daladala. Git inatunza kila badiliko unalohifadhi, tarehe yake na maelezo uliyoandika, na bado watu wanafuta historia hiyo ili paonekane pasafi. Iache. Kwenye maelezo ya mradi, andika aya moja kuhusu hitilafu iliyokusumbua zaidi na jinsi ulivyoipata.

Na ukiombwa kumwangalizia mtu potifolio yake, usiishie kwenye picha za skrini. Mwambie afungue mradi mmoja na abadilishe kitu kidogo mbele yako, mfano kikokotoo kikatae herufi badala ya namba. Mpe dakika 10, na chai.