Usitazame Mikono

Jumapili iliyopita, hapa mtaani kwetu Kasungami, kijana mmoja aliyevaa hariri nyeusi alicheza taichi mbele ya akina mama na wazee waliokuja na maumivu ya mgongo na magoti. Alishuka mpaka paja likalala sambamba na ardhi, akapiga teke la juu, akajizungusha juu ya mguu mmoja. Watu walipiga makofi, simu zikainuliwa, na jioni kila niliyekutana naye aliniambia kwamba sasa mtaa umepata mwalimu. Kijana ana nyonga nzuri, simnyimi sifa hiyo, ualimu sikuuona. Kesho yake jirani yangu, mama mtu mzima aliyejaribu kumfuata, alikuwa akishuka ngazi za nyumba yake kinyumenyume, mkono ukutani, na bado anamsifu.

Sifa za namna hii zinaumiza watu. Anayetafuta mazoezi ya kumtulizia maumivu ya muda mrefu, au ya kumrudisha kutembea baada ya kiharusi, anachagua mwalimu kwa macho, na macho yake yamefundishwa vibaya. Yanatazama mikono. Mikono ya mawingu, kugawa manyoya ya farasi, kufukuza nyani: yote yanapendeza kutoka mbali, na mtu mwenye bidii anayaiga kwa wiki chache. Mikono inaweza kuwa mizuri kabisa juu ya miguu inayoharibu mwili.

Tazama mguu unaoondoka, na hasa kile kitambo kifupi baada ya kisigino kugusa chini na kabla ya uzito kufika. Kwa mchezaji wa kweli kitambo hicho kipo. Kisigino kimetua, lakini mguu bado ni mtupu. Ungeweza kumwambia aurudishe ulikotoka, naye angeurudisha bila kuyumba, kwa kuwa mwili wote ungali juu ya mguu wa nyuma. Kisha uzito unahamia polepole, goti likielekea kule vidole vinakoelekea. Kwa mwigaji kitambo hicho hakipo. Anaanguka juu ya mguu wa mbele, halafu analificha anguko hilo kwa mikono inayopaa. Akiambiwa aurudishe mguu, hawezi.

Hapa kwetu Mungu ametupa ardhi inayotoa ushahidi. Kuanzia Mei mpaka Septemba, kiangazi kikikaza, udongo mwekundu wa Kasungami unakuwa vumbi laini. Darasa likiisha, usiondoke na wengine. Subiri watu watoke, kisha inama usome chini. Hatua safi inaacha unyayo wenye kingo kamili: kisigino, ukingo wa nje, vidole, vyote vimezama sawasawa, hakuna mchubuko. Mahali mtu alipogeuka baada ya kuutoa uzito kwenye mguu, utaona kijishimo kidogo cha kisigino na alama nyepesi tu ya vidole. Mahali alipogeuka na uzito wote ukiwa mguuni, utaona nusu duara iliyokwaruzwa, na upande wa nje wa vidole kijirundo cha udongo uliosukumwa. Kijirundo hicho ndicho ninachokitafuta mimi. Kikiwa kikubwa, nguvu iliyousukuma udongo ilipita pia kwenye goti la aliyegeuka, na goti ni bawaba: limeumbwa kukunja na kukunjua, kusokotwa halikuumbiwa. Aliye na goti zima atavumilia miaka. Aliye na goti lililokwisha kulika atalala na maumivu usiku uleule.

Wako wachezaji wa taichi watakaobisha kwamba kugeuka juu ya mguu wenye uzito ni sehemu ya sanaa yao. Wabishane wenye magoti mazima. Kwa wagonjwa hakuna mjadala. Mvua zikianza na uwanja ukawa tope, darasa huhamia barazani, kwenye simenti, huko sikiliza. Soli ikikwaruza sakafu wakati wa kugeuka, ni hadithi ileile.

Yang Chengfu, aliyefariki mwaka 1936, aliacha kanuni kumi, na moja kati ya hizo ni kutofautisha mguu uliojaa na mguu mtupu. Yeye alikuwa mtu mnene, mzito, na hatua zake zilisifiwa kwa wepesi. Mwanafunzi wake Cheng Man-ch'ing aliingia katika taichi akiwa mgonjwa wa kifua kikuu, kisha akaufupisha mfululizo wa Yang ukabaki mikao 37. Na Paul Lam, daktari wa Australia ambaye yeye mwenyewe anaugua viungo, alipotunga mwaka 1997 mfululizo wa wagonjwa wa baridi yabisi, aliegemea mtindo wa Sun Lutang, ambamo mchezaji husimama wima zaidi na hatua zake ni fupi. Tazama mwelekeo wa watu hawa: wanaofikiria wagonjwa wanapunguza na kupandisha mkao juu. Kijana wetu wa hariri anaongeza na kushuka.

Ustadi huu mimi niliuona kwanza kwa mzee mmoja kine, yaani mtabibu wa viungo kwa mazoezi, marehemu sasa, ambaye neno taichi sidhani kama aliwahi kulitamka. Ilikuwa siku zile kampuni ya madini ya Gécamines ina hospitali zake, na mfanyakazi aliyeumia mgongo alihudhuria mazoezi wiki baada ya wiki bila kuulizwa pesa mlangoni. Mgonjwa akiingia na kusema "Mugongo inaniluma," mzee hakumgusa. Alimtuma akachukue kikombe cha maji upande wa pili wa ua, yeye amekaa kwenye kistuli, anatazama chini tu. Mtu akirudi, anamwambia: "Baba, hauamini tena ile muguu ya kushoto." Mgonjwa alikuwa amezungumzia mgongo tu. Kisha saa nzima ingepita katika kuhamisha uzito, kushoto, kulia, kushoto, mikono imeshika mgongo wa kiti. Asubuhi za Juni zilikuwa baridi, kimya, na katika kimya kile ulimsikia mtu akiachia pumzi mguu ulipokubali kumbeba. Mwaka 2003 Gécamines ilianza kuwaaga wafanyakazi zaidi ya 10,000 katika mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia, na migongo ile ikarudi nayo nyumbani. Baadhi yake ndiyo iliyosimama Jumapili kumtazama kijana.

Matapeli nao wana ustadi wao. Nilimjua mmoja aliyegawa "poda ya mizizi" nusu saa kabla ya darasa, na mwisho wake akauliza kwa sauti kubwa nani bado ana maumivu. Hakuna aliyeinua mkono. Muuguzi mmoja aliionja poda hiyo akacheka kwa uchungu. Alisema ni diklofenaki iliyosagwa, na tumbo la mzee mmoja lilikuwa limeshaanza kulipa. Mwingine huwashusha watu chini sana mpaka mapaja yawake moto, halafu anawaambia moto huo ni ugonjwa unaotoka. Moto ule ni misuli iliyochoka.

Kipimo cha maumivu ni rahisi na ni cha kweli. Yakizidi kuliko kawaida yako, na yakadumu zaidi ya saa mbili baada ya mazoezi, ulizidisha. Darasa lijalo punguza. Mwalimu mzuri anaanza kwa kuuliza ulilalaje, na jibu lako linabadilisha anachofundisha siku hiyo. Wala asikuahidi kupona kwa siku tatu. Utafiti wa Boston uliotoka mwaka 2016, wenye watu 204 wenye magoti yaliyolika, ulichukua wiki 12 za taichi mara mbili kwa wiki kufikia nafuu sawa na ile ya matibabu ya kine. Mwingine wa mwaka 2018, juu ya wenye maumivu ya mwili mzima, ulionyesha kwamba wiki 24 zinashinda 12.

Mengine ni haya. Darasa la wagonjwa lisizidi watu kumi na watano. Lifanyike asubuhi. Spika isiwepo: muziki unawapa watu mwendo mmoja, na hakuna magoti mawili yenye mwendo mmoja. Kandambili hapana, raba zenye soli nene hapana. Miguu mitupu au kitambaa chembamba. Mwalimu asihesabu kwa sauti. Shingo yake iwe laini; shingo ngumu haifundishi mwili wowote kulegea. Na akina mama wanaobeba beseni la maji kichwani tangu utotoni wawekwe mbele, kwa sababu hatua tupu wanaijua tayari, na wengine watajifunza kwao haraka kuliko kwa mwenye hariri.

Kabla ya kumlipa mwalimu yeyote, mpeleke mtu mwenye fimbo, ikiwezekana aliyepata kiharusi. Mwalimu wa kweli atatafuta kiti kwanza. Atasimama upande ule dhaifu, nyuma kidogo, mkono karibu na kiuno bila kushika, na somo la wote atalipunguza lilingane na mtu huyo. Akimwambia mgonjwa akae pembeni atazame wenzake, mshike mkono mtu wako mrudi nyumbani.